Kazi ya Kuandika Tamthilia za Muziki Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutokana na mazungumzo ya miaka kadhaa na vijana wa Mombasa, Kwale na Kilifi wanaotaka kuandikia jukwaa, pamoja na walimu wanaowafundisha. Nimeyajibu kwa kadiri ya yale niliyojifunza kazini, na msomaji ataona kwamba narejea mara kwa mara jambo moja ambalo naliamini kwa dhati: wimbo wa jukwaani hauna budi kubadilisha kitu, na sisi watu wa pwani, kwa sababu tumelelewa na ushairi mzuri, hili ndilo hutuwia gumu zaidi.

Tamthilia ya muziki ni nini, na inatofautianaje na mchezo wenye nyimbo?

Ni mchezo ambao sehemu ya kisa chake huelezwa kwa kuimba, kiasi kwamba ukiuondoa wimbo, kisa hukatika. Michezo mingi inayoonyeshwa katika kumbi zetu ina nyimbo, lakini nyimbo hizo huja kuwapumzisha watazamaji au kuwapa waigizaji nafasi ya kubadili mavazi, na mhusika anapomaliza kuimba hubaki pale pale alipokuwa. Katika masimulizi ya sanaa hii nchini Marekani, mwaka 1943 hutajwa sana kwa sababu ndipo *Oklahoma!* ya Richard Rodgers na Oscar Hammerstein ilipoonyeshwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo jijini New York, ikiwa na nyimbo na ngoma zilizofumwa ndani ya kisa chenyewe. Haikuwa ya kwanza kujaribu hivyo, lakini baada yake waandishi wengi waliufanya mtindo huo kuwa kipimo.

Je, mwandishi ndiye hutunga muziki pia?

Si lazima. Kazi ni tatu: kupanga kisa na kuandika maneno yanayosemwa, kuandika maneno yanayoimbwa, na kutunga muziki. Jonathan Larson wa New York alizifanya zote tatu peke yake. Hammerstein aliandika maneno, na Rodgers akatunga muziki. Mombasa nayo ina mila ndefu ya malenga na mwanamuziki kufanya kazi pamoja. Ahmed Sheikh Nabhany alitunga mashairi ambayo mpiga udi Zein l'Abdin aliyatilia lahani, yaani sauti ya kuimbia, na hakuna aliyemwona mmoja wao kuwa pungufu kwa kumhitaji mwenzake.

Kati ya kazi hizo tatu, inayosifiwa kidogo kuliko zote ni ile ya kupanga kisa. Watazamaji hutoka ukumbini wakiimba nyimbo, hakuna anayetoka akisifu mpangilio wa maonyesho, lakini mchezo unapoanguka, mara nyingi ni mpangilio ndio ulioanguka kwanza.

Mimi ni malenga na nazijua arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Je, hiyo yatosha?

Ni hazina kubwa, nayo ni mtego pia, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Hazina yenyewe ni kwamba anayeweza kutunga shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo, nane ukwapini, nusu ya kwanza ya mshororo, na nane utaoni, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho vikiwa mahali pake, tayari amezoea nidhamu ambayo wanaoanza kwingineko huchukua miaka kuipata. Mizani ni hesabu, na muziki ni hesabu. Mtunzi wa muziki akikwambia kwamba lahani yake ina nafasi nane, malenga hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mtego ni kwamba shairi letu la kimapokeo, na hasa wimbo wa taarabu uliozaliwa nalo, hukaa mahali pamoja. Malenga huchukua hali moja, tuseme kuachwa, akaizunguka kwa mafumbo, kila ubeti ukiitazama kwa upande mwingine, na kiitikio kikirudi kutukumbusha kwamba hali haijabadilika. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo sababu mtu anaweza kuusikiliza wimbo mmoja wa taarabu kwa dakika kumi na tano bila kuchoka. Jukwaani, mtazamaji anangoja kujua kitakachofuata. Mhusika akianza wimbo akiwa na huzuni na kuumaliza akiwa na huzuni ile ile, tumemla mtazamaji dakika zake.

Nitatoa mfano wa kazi yangu mwenyewe. Katika mchezo mmoja nilikuwa na mwanamke ambaye mumewe alikwenda kuvua akakosa kurudi, naye anakaa pwani na ngalawa ya pili iliyobaki. Kwanza nilimwandikia shairi lililoanza hivi:

*Bahari imenipoka, mume niliyempenda*

Beti zilikuwa saba, na kila mmoja ulikuwa na fumbo lake: mawimbi, nanga iliyokatika, tanga lisilo upepo. Nilizipenda mno. Siku ya onyesho, katika ukumbi wa mtaa usio na feni, kufikia ubeti wa nne nilianza kusikia karatasi za ratiba zikipepewa, na kufikia wa sita watu wa nyuma walikuwa wakizungumza. Mwimbaji alikuwa hodari. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaambia jambo moja mara saba.

Nikauandika upya kwa mizani nane nane, beti tatu tu. Wimbo ukaanza na *Nitangoja pwani hapa* na ukaishia *Ngalawa nitaiuza*. Kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho mwanamke amekata tamaa, akakasirika, akaamua. Mafumbo matano niliyoyapenda yalikwenda na maji, na wimbo ukasikilizwa kimya.

Ni mambo gani ya sauti ambayo mwandishi wa Kiswahili apaswa kuyajua?

Kiswahili ni lugha yenye ukarimu kwa mwimbaji kwa sababu karibu kila silabi huishia kwa irabu, na irabu ndiyo huimbwa. Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo nimeona yakiwatesa waigizaji katika mazoezi.

La kwanza ni mkazo. Katika maneno yetu mengi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la muziki lisipoangukia hapo, neno husikika geni. Neno *barabara* ni ushahidi tosha: mkazo ukiwa kwenye *ba* ya mwisho-kasoro-moja ni njia ya magari, na ukirudi nyuma silabi moja ni sawasawa, vilivyo. Nimewahi kusikia kwaya nzima ikimwamuru shujaa apigane njia ya magari, kwa sababu tu mtunzi wa lahani alisogeza pigo.

La pili ni *m* na *n* zinazosimama peke yake kama silabi, mfano katika *mtu*, *mke*, *nchi*. Malenga huzihesabu kuwa mizani kamili, na ni sawa, lakini midomo ikifungwa sauti haitoki mbali. Usimpe mwimbaji noti ndefu juu ya *m* ya *mtu*. Ipitishe haraka, noti ndefu aipate kwenye *tu*, au tafuta neno lingine.

La tatu ni aina ya irabu katika noti za juu. Sauti *a* hufungua kinywa, ilhali *i* na *u* hukibana. Narudi kwa mwanamke wangu wa pwani. Lahani ilipanda juu kabisa pale mwisho, kwenye *nitaiuza*, na kwa kuwa mkazo uko kwenye *u*, mwimbaji alilazimika kuishikilia *u* kwa nguvu zake zote. Tulijaribu jioni mbili. Akishikilia *u*, sauti inakwama puani. Akikimbilia *za*, neno linapinda. Mwishowe yeye mwenyewe akaniuliza, "Mwalimu, lazima aiuze?" Nikakaa na swali lile usiku kucha. Kesho yake mstari ukawa *Ngalawa nitaipanda*: mizani nane zile zile, mkazo kwenye *pa*, kinywa wazi. Mwanamke haiuzi tena ngalawa, anaingia baharini mwenyewe, na sehemu yote ya pili ya mchezo ikabidi iandikwe upya. Ni bora mara mia kuliko ya kwanza.

Neno moja zaidi kuhusu vina. Vitenzi vyetu vingi huishia kwa *a*, kwa hiyo kina cha *-ka* au *-na* hupatikana kwa wepesi kiasi cha kumfanya mwandishi mvivu. Sikia kama umefunga mistari minne kwa vitenzi vinne. Kama ndivyo, geuza angalau miwili iishie kwa jina au kielezi.

Niandike kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, au kwa Kiswahili sanifu?

Andika kwa namna mhusika anavyosema. Bibi wa Mji wa Kale husema *mato*, *ndia* na *nti*, na kumlazimisha aseme *macho*, *njia* na *nchi* ni kumvua buibui hadharani. Mjukuu wake aliyesoma Nairobi atasema vingine, na tofauti hiyo pekee yaweza kubeba onyesho zima. Angalizo langu ni kwamba maneno ya wimbo husikika mara moja na kupita. Msomaji wa kitabu anaweza kurudi nyuma, mtazamaji hawezi. Neno la kale ambalo hadhira ya Kisauni au Likoni haitalijua liwekwe mahali ambapo matendo ya jukwaani yanalifasiri.

Je, naweza kutumia nyimbo za ngoma za pwani kama vugo, lelemama, chakacha au mwanzele?

Midundo na namna ya kuimba ni urithi unaotulea sote, na naona ni hasara kuandikia jukwaa la Mombasa kana kwamba zumari haijawahi kulia hapa. Ila kuna heshima na kuna sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotambua haki za jamii juu ya sanaa zao za asili. Nenda kwa wazee au kwa kina mama wenye ngoma hiyo, waeleze unataka kuifanyia nini, na usikie wapi panaruhusiwa na wapi hapaingiliki. Nyimbo nyingine zina wakati wake na watu wake, na kuambiwa "hii haitoki nje" ni jibu la kuheshimiwa.

Nijifunzie wapi kazi hii, ilhali hapa hakuna chuo kinachoifundisha?

Wengi wa wanaosifika walijifunza kwa mtu kabla ya kujifunza kwa chuo. Stephen Sondheim, mtunzi mashuhuri wa tamthilia za muziki wa Marekani, akiwa kijana wa shule, alimpelekea Hammerstein mchezo wake wa kwanza akitumaini sifa, akaambiwa ni mbaya, kisha akaelezwa kwa saa kadhaa kwa nini ni mbaya. Baada ya hapo Hammerstein alimpa mazoezi manne: ageuze kuwa tamthilia ya muziki mchezo anaoupenda, kisha mchezo anaouona una kasoro, kisha kisa ambacho si mchezo, na mwisho abuni chake mwenyewe. Mazoezi hayo yalimchukua miaka.

Nawapa wanafunzi wangu mazoezi hayo hayo, na zoezi la tatu ndilo linalowafaa zaidi watu wa pwani, kwa sababu visa tunavyo tele ambavyo bado havijawa michezo ya kuimba. Kuna utenzi wa shujaa Fumo Liyongo, na mwanawe anayemchoma kitovuni. Kuna kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1696 hadi 1698, watu wakiwa wamefungiwa humo kwa njaa na maradhi. Kuna Mekatilili wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama miaka ya 1913 na 1914 kwa ngoma ya kifudu. Huyu hahitaji hata kubuniwa sababu ya kucheza ngoma jukwaani, kwani historia yenyewe imempa.

Kaa pia katika mazoezi ya wengine, hata kama kazi yako ni kushika karatasi na kumkumbusha mwigizaji maneno. Huko ndiko utasikia mstari ukikwama kooni mwa mtu.

Mchezo mmoja huchukua muda gani kuandikwa?

Mrefu kuliko unavyodhani. Lin-Manuel Miranda wa New York alianza kuandika tamthilia yake ya muziki *In the Heights* mwaka 1999 akiwa mwanafunzi wa chuo, na ikafika Broadway mwaka 2008. Katikati alifundisha shuleni na kuuandika upya mara nyingi. Kwa mchezo wa saa mbili na nusu wenye mapumziko, mimi huhesabu miaka mitatu, na mwaka wa mwisho huwa ni wa kukata tu.

Je, nitapata riziki?

Kwa tamthilia za muziki pekee, hapa Mombasa, si rahisi, na sitaki kumdanganya mtu. Wengi wetu tuna kazi nyingine. Larson alihudumu mezani katika mkahawa mmoja wa New York kwa takriban miaka kumi, akaaga dunia tarehe 25 Januari 1996, siku ambayo mchezo wake mkuu, *Rent*, ulipangwa kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji waliolipa.

Kazi zinazolipa, na ambazo pia hukunoa, zipo. Shule na vyuo hutafuta waandishi kwa ajili ya tamasha la kitaifa la drama, ambalo lilianza mwaka 1959, na kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Kipande cha shuleni kina muda maalumu na waamuzi wakali, na hukufundisha kuingia kwenye kisa bila kuzunguka. Kuna pia michezo ya redio, nyimbo za matangazo, na mashirika yanayotaka michezo ya kuelimisha jamii. Hii ya mwisho ina hatari yake: ujumbe hupewa kwanza, kisha mhusika hutafutwa wa kuubeba, na mwandishi akizoea hivyo, wahusika wake wote huanza kusema kama mabango.

Nilinde vipi kazi yangu, na mkataba useme nini?

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi yako ni yako tangu ilipoandikwa au kurekodiwa, na ulinzi wa maandishi na muziki huendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si sharti la kumiliki, lakini ni ushahidi mwema siku mambo yakiharibika. Kama unageuza riwaya au mchezo wa mtu aliye hai, au ambaye miaka hiyo haijaisha, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujaandika mstari wa kwanza. Nimemwona kijana akimaliza mchezo mzima kisha akanyimwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipatia kundi moja nyimbo nne kwa makubaliano ya mdomo, kwa kuwa tulikuwa tumekula pamoja na kuitana ndugu. Mwaka uliofuata nilisikia zikiimbwa katika kaunti nyingine, jina langu halipo. Tangu hapo naandika mambo haya hata na rafiki: nani aliandika nini, ruhusa ni ya maonyesho mangapi na wapi, malipo ni ya mkupuo au ni mrabaha kwa kila tiketi, jina litaandikwa wapi, na nini kitatokea mmoja wetu akijitoa. Penye waandishi watatu, desturi ya Broadway ni kugawana sawa kati ya kisa, mashairi na muziki, nami naiona ni desturi ya haki.

Je, ninahitaji leseni ya kuonyesha mchezo?

Michezo ya jukwaani nchini inaguswa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kwa hiyo uliza mapema ofisi zinazohusika na mwenye ukumbi, wala usingoje juma la mwisho. Jambo hili si la karatasi tu katika historia yetu. Mwaka 1982 *Maitu Njugira* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, tamthilia iliyojengwa kwa nyimbo za lugha mbalimbali za Kenya, ilizuiwa kuonyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi, na waigizaji wakakuta milango imefungwa.

Kuna mambo gani ya kuzingatia kuhusu hadhira ya Mombasa?

Panga saa kwa kufuata sala. Onyesho linaloanza kabla ya magharibi litakatwa na adhana, na ni afadhali kuanza baada ya isha, au alasiri ya Jumamosi na kumaliza mapema. Mwezi wa Ramadhani usipange onyesho. Kumbuka pia watu wa Likoni: mchezo ukipita saa nne za usiku, utaona safu nzima zikiinuka kabla ya wimbo wa mwisho, kwa kuwa wanawaza feri na matatu ya ng'ambo. Nimejifunza kuutanguliza wimbo mkubwa kuliko kuuweka dakika tano za mwisho, wauone wote.

Stima ikipotea, mchezo usisimame. Ndiyo sababu napendelea ala zisizohitaji umeme, udi, ngoma na zumari, hata kama kinanda kipo.

Ni lazima nihamie Nairobi au ng'ambo?

Hapana, ingawa huko kuna watayarishaji zaidi. *Sarafina!* ya Mbongeni Ngema ilianza Johannesburg mwaka 1987 kwa midundo ya vitongoji vya huko huko, na mwaka uliofuata ilikuwa Broadway. *Mo Faya* ya Eric Wainaina, yenye kisa cha Nairobi, ilionyeshwa katika tamasha la tamthilia za muziki la New York mwaka 2009.

Nina kisa tayari. Nianze na nini?

Chukua karatasi, orodhesha mahali unapofikiri patakuwa na wimbo, na mbele ya kila wimbo andika sentensi mbili: mhusika anataka nini anapoanza kuimba, na anataka nini anapomaliza. Sentensi hizo zikifanana, hapo hapana wimbo bado, hata kama lahani imekwisha kukujia. Kisha andika wimbo mmoja tu, ule wenye tofauti kubwa zaidi, umpe mtu mwenye sauti aimbe bila ala mbele ya watu watano. Wewe keti nyuma yao, si mbele, uone ni mstari upi utakaowafanya wageuke kutazamana.